Namna ya Kuipima na Kuinoa Pua Yako Ukiwa Nyumbani

Chukua kioo kidogo cha mkononi, kiweke mahali penye ubaridi kwa dakika chache, kisha kishike kikiwa kimelala chini ya matundu ya pua yako na upumue nje polepole huku mdomo umefungwa. Juu ya kioo kutatokea madoa mawili ya mvuke, na mara nyingi doa moja litakuwa kubwa kuliko la pili. Pima upana wake kwa rula na uuandike katika daftari pamoja na saa ya jaribio, kwa sababu utakaporudia baada ya saa tatu au nne huenda ukakuta kwamba lile lililokuwa dogo sasa ndilo kubwa.

Ndani ya kila tundu la pua mna vifupa vyembamba vilivyojikunja, navyo vimefunikwa kwa utando laini uliojaa mishipa ya damu. Mishipa ya upande mmoja inapojaa damu, utando hufura na kuibana njia ya hewa, ilhali upande wa pili hunywea na kufunguka, na baada ya saa kadhaa zamu hugeuka. Daktari Mjerumani Richard Kayser aliyaeleza mabadilishano hayo mwaka 1895, lakini watu wengi huishi nayo bila kuyagundua mpaka siku ya mafua, wakati upande ambao tayari umebanwa unapoziba kabisa. Unaweza pia kuyachochea kwa makusudi: lala kwa ubavu mmoja kwa muda, na mara nyingi tundu la chini ndilo litakaloziba na la juu likafunguka.

Zamu hizo zina faida kwa mnusaji. Mwaka 1999 Noam Sobel na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyoonyesha kwamba tundu linalopitisha hewa kwa kasi na lile linalopitisha hewa polepole hayanusi kitu kilekile kwa namna moja. Molekuli nyingine za harufu hunaswa upesi na ute wa pua, na hizo husikika vizuri zaidi hewa ikienda mbio. Nyingine hunaswa taratibu, nazo huhitaji hewa ya polepole ili zipate muda wa kutulia. Ukiwa na kitu chenye harufu ya mchanganyiko, ziba tundu moja kwa kidole, nusa, kisha badilisha upande. Tofauti ni ndogo, na huenda usiipate siku ya kwanza, lakini ukiipata utakuwa umeishuhudia mwenyewe kazi ambayo pua yako imekuwa ikiifanya tangu ulipozaliwa.

Kabla ya kunusa chochote

Watu wengi wakiletewa kitu cha kunusa huvuta pumzi ndefu na nzito, kana kwamba wanapimwa mapafu. Hakuna haja. Mvuto mmoja au miwili mifupi yenye kasi hutosha, na sababu yake iko katika ramani ya pua yenyewe. Sehemu inayonusa iko juu kabisa ya uwazi wa pua, karibu na usawa wa macho, na ukubwa wake ni sentimita chache tu za mraba. Unapopumua kwa utulivu, hewa nyingi hupita chini yake na kwenda zake kooni; unaponusa kwa kasi, hewa zaidi hupanda juu na kuifikia.

Huko juu mna mamilioni ya seli za neva zenye vinyweleo vilivyozama katika ute, na juu ya vinyweleo hivyo mna vipokezi vya harufu. Mwaka 1991 Linda Buck na Richard Axel wa Marekani walichapisha ugunduzi wa kundi kubwa la jeni zinazotengeneza vipokezi hivyo, kazi ambayo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi vinavyofanya kazi, na panya ana zaidi ya 1,000. Molekuli moja huweza kuamsha vipokezi kadhaa, na kipokezi kimoja huitikia molekuli nyingi, kwa hiyo ubongo husoma mpangilio mzima wa vilivyoamka na vilivyolala. Jeni hizo hutofautiana kati ya mtu na mtu, na hiyo ndiyo sababu mojawapo ya watu wengine kuyaona majani ya giligilani kuwa na harufu ya sabuni huku wenzao wakiyafurahia. Mkibishana kuhusu harufu katika majaribio yanayofuata, msiamue haraka kwamba mmoja wenu amekosea.

Chagua chumba chenye hewa safi. Usijipake manukato siku hiyo, usivute sigara kabla ya jaribio, na subiri angalau nusu saa baada ya kula. Nawa mikono kwa maji na sabuni isiyo na harufu, kwa sababu vidole vinavyokaribia pua hubeba harufu ya kila kilichoguswa tangu asubuhi. Usitumie amonia, dawa ya kuondoa madoa wala kimiminika chochote cha kusafishia. Vitu hivyo huunguza utando, na tena havipimi unusaji, maana mchomo unaousikia huletwa na neva nyingine iitwayo trijemina, ambayo hupeleka kwenye ubongo hisia za maumivu, joto na baridi za usoni. Mtu aliyepoteza kabisa uwezo wa kunusa bado hurudisha kichwa nyuma akinusishwa amonia, na bado husikia ubaridi wa mentholi.

Jaribio la chupa zilizofunikwa

Hili ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote, na ningekuomba usilifanye kwa haraka. Tafuta chupa ndogo sita au nane zenye vifuniko, zote za aina moja, na uzizungushie karatasi ili kilicho ndani kisionekane. Mwombe mtu mwingine aweke katika kila chupa kitu kimoja cha nyumbani bila kukuambia: kahawa ya unga, karafuu, mdalasini, ganda la limau, kipande cha sabuni, vumbi la penseli iliyochongwa, kipande cha ngozi ya kiatu, udongo mkavu ulionyunyiziwa maji kidogo. Aziandike namba chini na kubaki na orodha yake. Wewe kaa umefumba macho, akufungulie chupa moja moja sentimita chache kutoka puani, na kati ya chupa na chupa upumzike kwa nusu dakika.

Utashangaa utakavyokwama. Utasikia harufu unayoifahamu waziwazi, utajua kwamba umekutana nayo mara elfu, hata utakumbuka chumba ulichokuwamo, na jina lisije. Usione haya, kwa sababu karibu kila mtu hupatwa na hali hiyo. Njia za harufu huingia katika ubongo kwa namna ya pekee: kutoka kwenye seli za pua, nyuzi za neva hupenya mfupa wenye vitundu kama chujio na kufika kwenye balbu ya kunusia, na kutoka hapo taarifa huenda moja kwa moja hadi maeneo yanayohusika na hisia za moyoni na kumbukumbu, bila kupitia kwanza kituo cha katikati ambacho taarifa za macho na masikio hupitia. Kumbukumbu huamka upesi, na jina huja likichechemea nyuma yake.

Kwa hiyo usianze kwa kutafuta jina. Andika kwanza sifa: je, harufu ni kavu au ina unyevu, ni kali au imetulia, inakaa mbele ya pua au inazama kooni, inakukumbusha mahali gani? Kiswahili chenyewe kinatusaidia hapa kuliko tunavyokumbuka. Tunatenganisha kunuka na kunukia kwa silabi moja, na tunayo maneno ambayo hayataji kitu bali harufu yenyewe: uvundo wa nguo iliyokaa na unyevu, shombo ya samaki, kikwapa. Lugha nyingi hulazimika kusema tu kwamba kitu fulani kina harufu kama ya kitu kingine. Wajahai, jamii ya wawindaji na waokota matunda wa rasi ya Malay, wamekwenda mbali zaidi, kwa kuwa wana maneno kadhaa ya harufu ambayo hutumika kama sisi tunavyotumia majina ya rangi, na watafiti Asifa Majid na Niclas Burenhult walionyesha mwaka 2014 kwamba Wajahai hutaja harufu kwa wepesi uleule wanaotajia rangi. Ugumu wetu wa kutaja harufu, basi, unatokana kwa sehemu kubwa na kukosa mazoezi, na mazoezi yanaweza kuanza leo. Ukikosa neno, litunge na ulitumie katika daftari lako kila harufu hiyo inaporudi.

Kuhusu ile chupa ya udongo, inuse kwa makini zaidi. Harufu inayotoka mvua inapoangukia ardhi kavu hutokana kwa kiasi kikubwa na kemikali iitwayo jiosmini, inayotengenezwa na bakteria wa udongoni, na pua ya binadamu huitambua hata ikiwa ni sehemu chache tu katika trilioni. Mwaka 1964 wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliipa harufu hiyo ya mvua jina la petrikori. Mtu anayesema kwamba binadamu hana pua, na aelezwe habari hii.

Pua iliyo nyuma ya mdomo

Jaribio hili ni fupi na linafaa sana kwa watoto wanaoweza kutafuna bila kupaliwa. Chukua pipi laini za matunda za rangi mbalimbali, fumba macho, bana pua kwa vidole, na mtu mwingine akupe moja uiweke mdomoni. Tafuna polepole. Utasikia utamu, pengine na uchachu, na si zaidi ya hapo. Sasa achia pua. Ladha ya tunda huingia kwa ghafla, kana kwamba pipi nyingine imewekwa juu ya ulimi.

Ulimi hutambua utamu, chumvi, uchachu, uchungu na ule utamu wa nyama uitwao umami. Mengine karibu yote tunayoyaita ladha ni harufu inayopanda kutoka mdomoni kwa njia ya nyuma ya koo, hadi kwenye seli zilezile za juu ya pua. Ndiyo maana mgonjwa wa mafua husema chakula hakina ladha ilhali ulimi wake ni mzima.

Kuipumzisha pua

Baada ya chupa ya nne au ya tano huenda ukahisi harufu zinafifia. Pua huzoea harufu iliyodumu na kuacha kuipigia kelele, ili iwe tayari kwa harufu mpya itakayokuja. Njia nzuri ya kuliona jambo hili ni kutoka nje ya nyumba yako kwa saa moja au mbili, kisha kurudi na kunusa mara tu mlango unapofunguliwa. Katika pumzi chache za mwanzo utaisikia harufu ambayo wageni wako huisikia siku zote, halafu itatoweka ingali ipo.

Wauza manukato wengi huweka bakuli la kahawa ili mteja ainuse kati ya chupa na chupa. Watafiti walipolinganisha kahawa, limau na hewa ya kawaida hawakuona kahawa ikiishinda hewa. Toka nje uvute hewa safi, au nusa ngozi ya kiwiko chako ambacho hakijapakwa kitu, maana pua imeshaizoea harufu ya mwili wako.

Kufuata njia kwa pua

Mwaka 2007 kikundi cha watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley kiliwafunga watu 32 vitambaa machoni na kuwazibia masikio, kikawapigisha magoti kwenye nyasi na kuwataka wafuate njia ya mita 10 iliyowekwa kwa uzi wenye harufu ya chokoleti. Theluthi mbili walifanikiwa. Walioendelea kufanya mazoezi waliongeza kasi, na ilipozibwa tundu moja ya pua matokeo yalishuka. Miaka kumi baadaye mwanasayansi John McGann aliandika katika jarida la Science kwamba imani ya binadamu kuwa na pua dhaifu ilianzia karne ya 19, katika maandishi ya daktari Mfaransa Paul Broca, na kwamba haikutokana na vipimo vya unusaji.

Unaweza kulirudia zoezi hilo uwanjani. Loweka uzi wa pamba katika maji yenye matone ya mafuta ya mdalasini au vanila, uulaze kwenye nyasi kwa mita tano ukiwa na kona moja, na umfunge macho mwenzako. Kagua kwanza kwamba hakuna miiba wala vigae. Mwache ayumbishe kichwa huku na huku. Akiipoteza njia, asisaidiwe kwa maneno, kwa sababu kule kurudi na kuitafuta ndiko kunakoifundisha pua.

Mazoezi ya wiki 12

Miaka michache iliyopita mafua makali yaliniachia pua isiyonusa. Nilitambua siku nilipomenya chungwa: mafuta ya ganda yakanirukia vidoleni, nikayaona yaking'aa, nikavileta vidole puani, na ikawa kama nimenusa maji. Nilikaa na lile chungwa mkononi kwa muda mrefu. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba hisi hii inaweza kuondoka, na tangu siku hiyo sijaichukulia kama kitu kidogo.

Utaratibu nilioufuata, na ambao madaktari wengi huupendekeza, unatokana na kazi ya Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, iliyochapishwa mwaka 2009. Walitumia harufu nne: waridi, limau, karafuu na mkaratusi. Weka matone machache ya mafuta ya kila moja kwenye pamba ndani ya chupa yake yenye rangi ya giza, na uandike jina. Kila asubuhi na kila jioni fungua chupa moja, isogeze karibu bila kuigusisha na pua, unuse kwa mivuto mifupi kwa sekunde 10 hadi 20, ufunge, upumzike kidogo, kisha uende kwa inayofuata. Wakati wa kunusa, jikumbushe kwa nguvu jinsi harufu hiyo ilivyokuwa. Usinuse huku unasoma simu. Mara moja kwa wiki jipe alama kutoka 0 hadi 10 kwa kila chupa. Badilisha pamba harufu inapopungua.

Zoezi hili lina msingi katika maumbile, kwa kuwa seli za neva za kunusia ni miongoni mwa seli chache za neva ambazo mwili huzizalisha upya maishani. Halimsaidii kila mtu, na kwa wengine huhitaji miezi mingi kuliko mitatu. Kwangu mimi chupa zote zilikaa kimya kwa wiki tano. Katika ya sita, jioni moja, chupa ya karafuu ilinipa kitu ambacho hakikuwa karafuu bado: joto fulani la mbali, lisilo na jina, lililodumu kwa pumzi moja. Niliandika alama 1 katika daftari, na mkono ulinitetemeka.

Ikiwa harufu zinarudi zikiwa zimepotoka, kwa mfano kahawa ikanuka kama kitu kilichooza, usikate tamaa. Hali hiyo, iitwayo parosimia, iliwapata watu wengi baada ya UVIKO-19, na mara nyingi huonekana wakati seli zinapojijenga upya. Epuka kwa muda vinavyokuchefua na uendelee na vinavyovumilika.

Kama pua ina ute mzito, isafishe kwa maji ya chumvi kabla ya zoezi: kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita ya maji. Maji hayo lazima yawe yamechemshwa na kupozwa, au yawe yamesafishwa kwa mvuke. Usitumie maji ya bomba moja kwa moja, kwa sababu kuna amiba ambaye hana madhara akimezwa lakini huua akiingia kwa njia ya pua.

Yasiyosubiri

Mtu asiyenusa anakosa mlinzi ndani ya nyumba. Gesi asilia haina harufu yake yenyewe. Mwezi Machi 1937 shule ya New London, Texas, ililipuka kutokana na gesi iliyovuja bila yeyote kuinusa, na watu wapatao 300 wakafa, wengi wao watoto. Baada ya hapo ndipo jimbo hilo likatunga sheria ya kuitia gesi kemikali yenye harufu kali. Harufu hiyo haina faida kwa pua iliyolala. Weka king'ora cha moshi na cha gesi, andika tarehe juu ya vyakula unavyohifadhi, na umwombe mtu mwingine anuse maziwa na nyama kabla hujavitumia.

Muone daktari wa masikio, pua na koo iwapo harufu imepotea ghafla bila mafua, imepotea baada ya kugonga kichwa, iwapo upande mmoja tu unatoa damu au usaha, au iwapo unasikia harufu ambazo hazipo. Kupungua kwa unusaji taratibu kunaweza kutokana na umri, lakini pia huweza kuwa dalili ya mapema ya ugonjwa wa Parkinson, maradhi ya ubongo yanayoleta mtetemeko na ukakamavu wa mwili, hivyo kunastahili kuchunguzwa. Nenda na daftari lako likiwa na tarehe harufu ilipoanza kufifia, alama za kila wiki, orodha ya dawa unazotumia, na matokeo ya chupa zilizofunikwa, kwa sababu hayo ndiyo mambo ya kwanza atakayotaka kuyajua.